Mbegu ya Kuazima

Mazao mawili yaliyoipa Zanzibar jina katika masoko ya dunia hayana asili ya Zanzibar. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, katika nchi inayoitwa leo Indonesia. Wafaransa wakaiotesha Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikavuka hadi Unguja. Mwani wa kulima uliletwa kutoka Ufilipino mwaka 1989. Yote mawili yalishika haraka, yakaleta fedha, kisha yakayumba kwa mambo ambayo kisiwa hakikuwa na mkono nayo. Habari za karafuu zimeandikwa sana. Za mwani hazijaandikwa vya kutosha, na huenda ni kwa sababu wengi wa wanaoulima ni wanawake, ambao wako majini wakati wenzao wako mikutanoni.

Karafuu nitaigusa kidogo tu, kwani bila hiyo hatutaelewa kwa nini mwani ulipokewa kwa mikono miwili. Kwa zaidi ya karne moja Unguja, na hasa Pemba, ziliuza sehemu kubwa ya karafuu iliyotumika duniani. Katika karne ya 20 mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia yenyewe, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek. Waindonesia walinunua, wakapiga hesabu ya walichokuwa wakilipa, wakapanda mikarafuu yao. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wanajitosheleza, na bei ikaporomoka. Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, lililokuwa mnunuzi pekee wa karafuu visiwani, halikuwa na jibu. Katikati ya muongo huo serikali ililegeza masharti ya biashara, kampuni binafsi zikaruhusiwa, na hapo ndipo wawekezaji wa mwani walipobisha hodi. Nyumba yenye njaa haimhoji sana mgeni aliyekuja na kikapu.

Kuna dhana kwamba Zanzibar ililetewa kitu isichokijua kabisa. Si hivyo. Miongo mingi kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa wakiokota mwani wa asili na kuwauzia wafanyabiashara, ukapelekwa Ulaya na Marekani. Biashara hiyo ilikufa miaka ya 1970, Wafilipino walipoacha kuokota wakaanza kulima. Mtaalamu aliyewaonyesha njia alikuwa Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Katika chuo hicho hicho, miaka hiyo hiyo, alisoma Mtanzania, Keto Mshigeni, aliyerudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutumia miaka mingi kueleza kwamba hata sisi tunaweza kulima mwani. Adelaida Semesi, mwanabiolojia wa bahari wa chuo hicho cha Dar es Salaam, alishika upande mwingine wa kazi hiyo. Kwa hiyo sayansi ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na ilikuwa ya kwetu. Kilichokosekana ni uamuzi kwamba sayansi hiyo iendelee kulipwa baada ya mbegu kushika.

Kilimo chenyewe ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Bahari ikipwa wakati wa bamvua, mkulima anashuka hadi kwenye mchanga wenye maji ya magoti. Anakita vigingi, anafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba anafungia vipande vya mwani, kila kimoja cha gramu mia moja hivi. Baada ya wiki sita kipande kimekuwa kichaka. Anavuna, anatenga machipukizi ya kufungia tena, na unaobaki anauanika. Kilo saba au nane za mwani mbichi hutoa kilo moja kavu. Hakuna mbolea, hakuna dawa, hakuna jembe. Kuna mgongo unaouma, macho yanayochomwa na mwako wa jua juu ya maji, na saa za kupwa na kujaa ambazo hazijali kama umeacha mtoto mgonjwa nyumbani.

Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, ndiko kulikoanza. Kampuni zilitoa kamba, nyuzi na mbegu, na mkulima akatakiwa kumuuzia mwani yule aliyempa vifaa. Mpango huo uliwaingiza watu katika kilimo haraka sana, kwa sababu haukuhitaji mtaji. Lakini tazama ulivyofungwa: mbegu ya mnunuzi, kamba ya mnunuzi, mizani ya mnunuzi, bei ya mnunuzi. Mkulima alichangia pwani ya babu zake na kiuno chake.

Sidharau kilichopatikana. Katika miaka iliyofuata wakulima walizidi 20,000, na karibu wanane katika kila kumi walikuwa wanawake. Mwani ukawa chanzo cha tatu cha fedha za kigeni Zanzibar, nyuma ya utalii na karafuu. Nyumba za makuti zikaezekwa bati, sare za shule zikanunuliwa kwa fedha ambazo mama hakumwomba mtu. Anayesema mwani ulikuwa unyonyaji mtupu hajakaa na wanawake wa Makunduchi au Bwejuu akasikia fedha ya mkononi ilikuwa na maana gani kwao. Tatizo la kisa hiki liko kwenye kilichofanywa na faida ya miaka mizuri, ambacho kwa upande wa utafiti kilikuwa karibu sawa na bure.

Aina zilizoletwa zilikuwa mbili. Wakulima wanaziita kotonii na spinosamu. Zote hulimwa kwa ajili ya karajinani, utomvu unaogandisha na kulainisha, ambao umo katika dawa ya meno, aiskrimu, maziwa ya chokoleti na nyama za makopo. Karajinani ya kotonii inaganda imara, ndiyo inayotafutwa zaidi, na kotonii imekuwa ikilipwa mara mbili ya spinosamu au zaidi. Spinosamu inatoa mgando mlaini wenye soko dogo. Mkulima mwenye akili angependa kulima kotonii, na ndivyo walivyopenda. Ila kotonii ni mwani unaodeka. Maji yakizidi joto, au chumvi ikibadilika ghafla, inadhoofika, inaanza kuwa nyeupe kwenye matawi na kumeguka. Wakati mwingine majani madogo ya baharini yanaikalia na kuinyima mwanga.

Hapa pana jambo la kibiolojia ambalo mtunga sera yeyote wa kisiwa alipaswa kulijua kama anavyojua bei ya mchele. Mwani huu haupandwi kwa mbegu halisi. Kinachoitwa mbegu ni kipande cha mmea wa jana, kilichokatwa kutoka mmea wa juzi, kurudi nyuma hadi kwenye mafungu machache yaliyopakiwa Ufilipino. Karibu kila kichaka kati ya Paje na Micheweni, Pemba, ni pacha wa mwenzake wa aina yake. Shamba lenye mimea tofauti likipigwa na joto, mingine inakufa na mingine inapona, na iliyopona inakuwa mbegu ya kesho. Shamba la mapacha likipigwa, hakuna wa kupona. Wenye kilimo hiki huko Asia wanalijua hilo, ndiyo maana Ufilipino na Indonesia zimekuwa na maabara za kuotesha vipandikizi vipya na kuchagua aina zinazovumilia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa. Haikuwa tukio la siku moja. Ilikufa hapa, ikapona pale, ikafa tena msimu uliofuata, na wakulima wakaendelea kuomba mbegu kwa majirani hadi majirani nao wakawa hawana. Maji ya kina kifupi kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, ambayo jua huyachemsha bahari ikipwa, ndiyo yaliyoumia kwanza. Baada ya muongo mmoja kotonii ilikuwa imetoweka katika vijiji vingi, ikibaki sehemu chache, hasa za Pemba. Wakulima wakarudi kwenye spinosamu. Kazi ile ile, bamvua ile ile, malipo nusu au chini ya hapo.

Sasa ni wapi hasa palipokosewa? Wengi hujibu: mabadiliko ya tabianchi. Jibu hilo ni kweli na ni la uvivu. Bahari ya Hindi imepata joto, hakuna ubishi. Mwaka 1998 matumbawe ya Afrika Mashariki yalikufa kwa wingi kwa joto la El Niño, na yeyote aliyekuwa na kipimajoto aliona. Lakini onyo hilo lilikuja miaka kadhaa kabla ya kotonii kuanza kutoweka. Kisiwa kilichokuwa na zao la kudeka, la aina moja, lililomo kwenye maji ya magoti, kilionyeshwa na bahari kitakachotokea, na hakikuwa na chombo ambacho kazi yake ilikuwa kusikia.

Watafiti walikuwepo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja tangu mwaka 1978, na imetoa maandishi mengi mazuri juu ya mwani. Lakini mtafiti anayeishi kwa miradi anafanya kazi kwa kalenda ya mfadhili. Mradi unaanza, unapima joto na chumvi kwenye vijiji viwili au vitatu, unaandika ripoti, unaisha. Kupima joto la maji kila wiki kwa miaka 20 mahali pale pale ni kazi ya kuchosha isiyompa mtu sifa ya uprofesa, na hakuna mfadhili wa nje anayeipenda. Ni kazi ambayo mwenye zao ndiye anayepaswa kuilipia. Kadhalika kuweka shamba la mbegu lenye aina mbalimbali kwenye maji salama, kuzikagua mbegu mpya kabla hazijaingizwa ili zisije na maradhi, kuwafuatilia wakulima ambao mwani wao umenusurika na kuuliza umenusurikaje.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote. Mwani wa jamii hiyo upo kwenye bahari yetu kwa asili. Ndio ule ule uliokuwa ukiokotwa zamani. Watafiti waliochunguza vinasaba vyake waligundua kwamba karibu wote unaolimwa una asili ya Asia, wakati miambani kuna aina za Afrika Mashariki ambazo zimezoea joto letu, chumvi yetu na masika yetu tangu kale. Zilionekana zinakua taratibu, zikaachwa. Pengine zisingefaa hata zingejaribiwa miaka 30. Pengine moja ingefaa. Kulichambua hilo kunahitaji watu wachache, matangi machache, na subira ambayo hununuliwa kwa mshahara wa kudumu. Badala yake, kila kotonii ilipokufa, wazo la kwanza lilikuwa kuagiza mbegu nyingine nje.

Wapo watakaosema kisiwa kidogo hakina uwezo wa mambo hayo. Basi tuvuke hadi Mauritius, ile ile iliyotupitishia karafuu. Mauritius ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,040 na watu milioni 1.2 na ushei. Unguja na Pemba kwa pamoja ni kubwa kuliko hiyo, na sensa ya mwaka 2022 iliikuta Zanzibar ina karibu watu milioni 1.9. Mauritius nayo ilikuwa na zao moja la kuletwa, miwa, na mnunuzi wa mbali aliyeshika bei. Tofauti ni kwamba kuanzia mwaka 1930 ilikuwa na kituo chake cha kuzalisha miwa mipya, na mwaka 1953 wakaunda taasisi kamili ya utafiti wa sukari huko Réduit, ikilipiwa kwa tozo iliyokatwa kwenye sukari yenyewe. Wenye viwanda hawakuuliza mfadhili gani atakuja. Sukari ilijilipia akili yake.

Matokeo yake yanaonekana kwenye majina ya miwa. M 134/32 ni muwa uliozaliwa kutokana na mbelewele na maua ya Mauritius mwaka 1932, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa umefunika sehemu kubwa mno ya mashamba ya kisiwa. Hapo wataalamu wao wangeweza kulala. Hawakulala, kwa sababu walijua hatari ya shamba la aina moja, na waliendelea kutoa M nyingine na nyingine. Miaka ya 1960 ugonjwa wa utomvu ulipozuka upya na kuzishambulia aina zilizoenea, kisiwa kilikuwa na nyingine za kupanda badala yake. Hawakwenda kuomba mbegu kwa jirani.

Nisiipambe Mauritius kupita kiasi. Sukari yake imeshuka vibaya: kutoka zaidi ya tani 600,000 kwa mwaka hadi chini sana ya tani 300,000. Umoja wa Ulaya ulikata bei iliyokuwa ikiwalinda kwa asilimia 36 kati ya 2006 na 2009, na mwaka 2017 ukaondoa mipaka ya uzalishaji kwa wakulima wake wenyewe. Ni pigo lile lile la karafuu: mnunuzi aligeuka. Lakini ilipogeuziwa kisogo, nchi hiyo ilikuwa na watu waliojua muwa ndani na nje. Wakaacha kuuza sukari ghafi, wakasafisha wenyewe na kutengeneza sukari maalumu za bei kubwa; na makapi ya muwa wakayachoma kuzalisha umeme, ambao kwa miaka mingi ulizidi asilimia 10 ya umeme wa kisiwa. Utafiti haukuzuia pigo. Uliwapa cha kufanya kesho yake.

Zanzibar kesho yake ilikuwa na mtafiti mmoja mwenye moyo na vikundi vya akina mama. Flower Msuya, wa ile taasisi ya bahari, alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwaunganisha wakulima wa mwani, watafiti, wafanyabiashara na serikali. Walifanya mambo mawili yanayostahili kutazamwa kwa makini, moja lililofaulu kuliko jingine.

La kwanza ni kusaga mwani kuwa unga na kutengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka na hata vyakula. Lilifaulu kwa kiasi. Bei ya kipande kimoja cha sabuni mbele ya mtalii ni kubwa kuliko ya kilo nzima ya mwani mkavu mbele ya wakala. Wanawake wa Paje wana duka na karakana, na hawasubiri mizani ya mtu. Lakini sabuni hutumia mwani kidogo sana. Tani kwa maelfu bado zinapanda meli zikiwa kavu, na tukijidanganya kwamba maduka ya sabuni ndiyo viwanda tutakuwa tunawafariji watu badala ya kuwatajirisha.

La pili ni wavu wa bomba. Kwa kuwa kotonii ilikuwa ikifa kwenye maji ya magoti, wazo lilikuwa kuipeleka kwenye maji ya kina ambako kuna baridi zaidi, ikiwa imefungwa ndani ya nyavu ndefu zisizoruhusu vipande kumeguka na kupotea. Kisayansi ni jambo zuri, kotonii ilikua. Ila maji ya kina yanataka mashua na yanataka mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivyo hawajawahi kufundishwa kuogelea wala hawamiliki mashua. Ubunifu uliokuja kuwaokoa wanawake ukawa unawahitaji wanaume. Ikabidi kwanza watu wafundishwe kuogelea na kuendesha chombo, ndipo nyavu ziwe na maana. Hilo lilifanyika, polepole, kijiji kwa kijiji, kwa fedha za miradi. Anayetunga sera ya ubunifu aliweke hili mezani kwake: kifaa kipya kina masharti yake, na masharti hayo yanamwangukia mtu fulani mwenye mwili, mume, na woga wa maji.

Wakati huo, upande wa pili wa bahari, Ufilipino haikuuza mwani mkavu tu. Ilijenga viwanda vyake vya karajinani, ikabuni njia ya bei nafuu ya kuuchakata kwa kuuchemsha kwenye magadi makali bila kuukamua utomvu wake, na ikapigana ili bidhaa hiyo ikubalike katika masoko ya chakula ya nchi tajiri. Indonesia ikafuata na kuipita kwa wingi wa mwani. Mara ya pili katika karne moja, Zanzibar imejikuta ikishindana na Indonesia kwa zao lililotoka bahari ile ile. Na mara hii hatuwezi hata kusema tulishangazwa.

Mikutano ya kimataifa juu ya visiwa vidogo imekuwepo tangu ule wa Barbados mwaka 1994, ukafuata wa Mauritius mwaka 2005, Samoa mwaka 2014, na Antigua na Barbuda mwaka 2024. Zanzibar haimo katika orodha ya nchi za visiwa hivyo, kwa kuwa si dola kamili. Comoro, Mauritius na Shelisheli, majirani zetu, wamo. Nyaraka za mikutano hiyo hazikosi aya juu ya sayansi na teknolojia, na aya hizo hupenda kuziomba nchi tajiri zitoe teknolojia. Mwani unaonyesha upungufu wa maombi hayo. Teknolojia ya mwani tuliletewa yote: mbegu, kamba, namna ya kufunga. Tuliipokea kwa miezi michache. Kisichoweza kuletwa na meli ni watu wa hapa wanaolipwa na hapa kuliangalia zao la hapa mwaka hadi mwaka.

Kwa Zanzibar kuna mkwamo mwingine ambao watu huona haya kuutaja. Utafiti umo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kilimo na uvuvi havimo. Kwa hiyo bahari na wakulima wako chini ya wizara ya Zanzibar, wakati taasisi kongwe ya sayansi ya bahari iliyoko Unguja ni ya chuo kikuu cha Muungano. Sisemi kuna ugomvi. Nasema kwamba zao linapougua, si rahisi kujua ni bajeti ya nani inayopaswa kuhangaika. Zanzibar sasa ina chuo kikuu chake cha taifa, SUZA, na taasisi yake ya utafiti wa uvuvi na rasilimali za bahari, na tangu mwaka 2020 ina wizara ya uchumi wa buluu. Majengo hayapungui tena. Yanapungua mafungu ya kila mwaka yasiyotegemea mradi.

Fedha hizo si nyingi kama watu wanavyodhani. Zanzibar imeshavuka mara kadhaa tani 10,000 za mwani mkavu kwa mwaka. Hizo ni kilo milioni 10. Tozo ya shilingi kumi kwa kila kilo, ikitozwa kwa msafirishaji, ni shilingi milioni 100 kwa mwaka, bilioni moja kwa miaka kumi. Kwa kiasi hicho huwezi kujenga chuo, lakini unaweza kuwaweka kazini wataalamu na mafundi wachache, kuwa na vipimajoto kwenye kila pwani inayolimwa, na kutunza matangi ya mbegu, ukiwemo mwani wa asili. Tozo ina hatari zake. Msafirishaji atajaribu kuirudisha kwa mkulima kwa kushusha bei, kwa hiyo haifai bila bei ya chini iliyotangazwa na kusimamiwa. Hazina nayo ikiona fedha imekaa itataka kuiazima, kwa hiyo ni lazima iwekwe mfuko wenye bodi ambamo wakulima wana kura. Mauritius iliiweka tozo yake kwenye sheria, haikuachwa kwa hisani ya waziri.

Serikali iliamua kujenga kiwanda cha mwani Chamanangwe, Pemba, na ni uamuzi ninaouunga mkono. Lakini kiwanda cha karajinani kinataka kotonii, kwa wingi na kwa uhakika, na kotonii ndiyo iliyokufa. Mashine haitaigeuza spinosamu kuwa kotonii. Kabla ya kuuliza kiwanda kitachakata tani ngapi, aulizwe mtu mmoja mwenye jina na mshahara: mbegu itakayolisha mashine hizi imehifadhiwa wapi, ya aina ngapi, na msimu uliopita ilivumilia joto la nyuzi ngapi?

Na mwani si wa mwisho. Beit el Ras kuna kituo cha kutotolesha viumbe vya bahari kilichojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na FAO, kinachotoa vifaranga vya mwatiko, kaa na majongoo bahari. Majongoo ndiyo yenye bei. Yale ya porini yameokotwa karibu kuisha kwa ajili ya soko la Uchina, na kuyafuga vijijini kunaweza kuwapa wanawake wa mwani kipato cha pili kwenye pwani zile zile. Kituo ni kizuri. Kinataka umeme usiokatika, mwani mdogo wa kulishia viluwiluwi kila siku ya mwaka, na majongoo wazazi wa kutosha, waliotoka sehemu mbalimbali, ili tusije tukajaza tena pwani nzima kwa watoto wa mama mmoja. Miaka ya mfadhili ikiisha, gharama hizo zitabaki. Tozo ya majongoo ingetungwa sasa hivi, wakati zao bado dogo na halijapata mfanyabiashara mwenye nguvu ya kuipinga.